Jinsi ya kuandika ukurasa wa tovuti unaojibu swali moja, na watu wakaupata

Karakana ya fundi wa friji ninayemwandikia iko upande wa Ngara, Nairobi. Miaka michache iliyopita nilimtengenezea tovuti yake ya kwanza. Ilikuwa na ukurasa wa "Huduma Zetu" uliotaja friji, mashine za kufua, maikrowevu, pasi na hata jiko la stima, vyote katika aya nne. Miezi ikapita. Waliotufikia kupitia Google ni wale tu waliokuwa wanalijua jina la karakana tayari.

Siku moja nilikuwa nimeketi pale kwenye stuli, simu ikalia. Mama mmoja wa Umoja: "Fundi, friji yangu juu inagandisha vizuri, lakini huku chini maziwa yanaharibika. Ni gesi imeisha?" Fundi akamweleza kwa utulivu, bisibisi bado mkononi. Kama juu kunagandisha, gesi ipo. Baridi hutengenezwa juu, halafu feni huisukuma ishuke chini kupitia tundu la hewa. Barafu ikiziba tundu lile, baridi haishuki. Zima friji, toa vyakula, acha milango wazi siku nzima, kisha washa tena. Ikipoa halafu shida irudi baada ya siku chache, basi kile kifaa cha kuyeyusha barafu kimekufa, nipigie nije.

Maelezo hayo hayakuwa popote kwenye tovuti yetu. Jioni hiyo niliandika ukurasa mpya wenye swali la yule mama na jibu la fundi. Ndio unaotuletea simu nyingi kuliko kurasa nyingine zote mpaka leo, na kila ninachoeleza hapa chini nilikifanya kwanza kwenye ukurasa huo.

Hatua ya 1: Chagua swali

"Friji" ni mada. "Ukarabati wa friji" pia ni mada. "Kwa nini friji inagandisha juu lakini chini haipoi" ndilo swali, kwa sababu kuna mtu nyuma yake, amesimama jikoni, maziwa yamechacha na simu iko mkononi.

Kuna sababu ya kiufundi ya kuanzia hapo. Google, tangu Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha mwaka 1998, huorodhesha kurasa, ukurasa mmoja mmoja. Roboti yake, Googlebot, hupita kwenye viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, husoma kilichoandikwa, kisha hukiweka kwenye faharasa kubwa mno, mfano wa ile faharasa ya nyuma ya kitabu. Mtu akiuliza kitu, mtambo huingia kwenye faharasa ile na kuchagua kurasa zinazoelekea kumjibu. Ukurasa unaogusa vitu kumi juujuu hushindana na kurasa kumi ambazo kila moja imekaa na kitu chake, na hushindwa kote kumi.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika swali juu kabisa. Chini yake andika mtu huyo atataka nini akishajibiwa: kujaribu mwenyewe, kujua bei, au kupiga simu. Ukishaandika ukurasa, soma kila aya ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Aya isiyomsaidia mtu huyo itoe, hata kama ni nzuri. Huenda ni mwanzo wa ukurasa mwingine, kwa hiyo usiitupe. Mimi huziweka kwenye faili moja, na kurasa tatu za tovuti ile zilitoka kwenye mabaki.

Hatua ya 2: Tafuta maneno ya anayeuliza

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, na ndipo ninapoona waandishi wetu wa Kiswahili wakipotea. Tunaandika Kiswahili cha darasani kwa mtu anayeuliza kwa Kiswahili cha jikoni.

Nilimwomba fundi aweke daftari karibu na simu. Kila mteja akipiga, andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyasahihishe. Baada ya wiki mbili daftari lilikuwa na "haigandishi", "haifrizi", "haishiki baridi", "inanguruma tu lakini ndani ni joto", "inatoa maji chini", "imekataa tangu stima irudi". Neno "jokofu" halikuonekana hata mara moja. Tovuti yangu ilikuwa na "jokofu" kila mahali.

Sisemi jokofu ni neno baya. Ni neno safi, na ukiandikia gazeti, litumie. Lakini mtu wa Kayole anayeandika kwenye simu saa mbili usiku ataandika friji, na wengi wataliandika kwa tahajia ya Kiingereza. Vivyo hivyo mtu wa Nairobi hutafuta bei ya stima, wakati mwenzake wa Dar es Salaam hutafuta bei ya umeme. Ukimwandikia mkazi wa mtaa wa Pipeline hapa Nairobi kuhusu tokeni za umeme pekee, umemwachia kazi ya kutafsiri lugha yake mwenyewe. Weka neno analolitumia kwenye kichwa na kwenye sentensi za mwanzo. Lile la pili litaje mahali panapofaa katika maelezo, mara moja au mbili, kwa mfano: "Friji, au jokofu kama wengine wanavyoliita, huwa na sehemu mbili za baridi."

Kama huna daftari wala karakana, maneno yapo. Fungua meseji za wateja kwenye WhatsApp usome zile za mwanzo, kabla hujawafundisha msamiati wako. Andika maneno mawili ya kwanza ya swali kwenye kisanduku cha Google, halafu subiri bila kubonyeza chochote: orodha inayoshuka chini inatokana na yale ambayo watu wengine wameuliza. Ongeza neno moja, uone orodha ikibadilika. Ukiwa na maneno mawili unayosita kati yake, nenda Google Trends, weka nchi iwe Kenya, uyalinganishe. Haitakupa idadi ya watu, itakuonyesha tu lipi linatafutwa zaidi ya jingine. Kwa maneno yasiyotafutwa sana mchoro huwa mtupu, na hapo daftari ni bora kuliko mchoro.

Suala la lugha uliamue mapema. Wakazi wengi wa Nairobi hutafuta kwa Kiingereza, wengine kwa Kiswahili, wengine huchanganya katika sentensi moja. Usijaribu kuwapata wote kwenye ukurasa mmoja kwa kurundika maneno ya lugha zote. Andika ukurasa wa Kiswahili ulio kamili, na ukitaka wa Kiingereza, uandike peke yake kwenye anwani yake. Na tafadhali usipitishe maandishi kwenye mashine ya kutafsiri kisha ukayapandisha bila kuyasoma. Mteja hugundua kwenye mstari wa pili.

Hatua ya 3: Uliza swali lako mwenyewe kwanza

Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, ili historia yako isichanganye matokeo, uandike swali lako. Soma kurasa za mwanzo zinazojitokeza, zisome zote mpaka mwisho. Unatafuta vitu viwili.

Kwanza, aina ya kurasa. Ukiona video tupu, au maduka tupu yanayouza friji, ina maana Google imeelewa kwamba anayeandika maneno hayo anataka kutazama au kununua. Maelezo yako yatapata shida kupenya hapo. Badilisha swali.

Pili, pengo. Nilipouliza swali la yule mama, kurasa nilizozipata zilikuwa za Kiingereza, zimeandikwa Marekani, zikimshauri msomaji apige simu kwa kampuni iliyomuuzia. Hazikutaja stima kukatika na kurudi kwa kishindo, wala friji za kununuliwa zikiwa zimetumika. Pengo lile ndilo lililotupa nafasi. Ukikuta ukurasa uliojibu swali vizuri kwa mtu wa hapa hapa, kubali, utafute swali jingine. Kuandika upya kitu ambacho mwenzako amekimaliza hakumsaidii mtu.

Hatua ya 4: Jibu kabla ya salamu

Hivi ndivyo ukurasa ule ulivyoanza nilipouandika mara ya kwanza:

"Karibu kwenye tovuti yetu. Katika ulimwengu wa leo, friji ni kifaa muhimu sana katika kila nyumba. Sisi ni mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi na tunajivunia kutoa huduma bora kwa wateja wetu wote."

Na hivi ndivyo unavyoanza sasa:

"Friji ikigandisha juu lakini chini haipoi, mara nyingi gesi haijaisha. Barafu imeziba njia ya hewa, au feni inayosukuma baridi imesimama. Zima friji, acha milango wazi kwa saa 24, kisha washa. Ikirudia ndani ya wiki, inahitaji fundi."

Mwanzo wa kwanza unaweza kuubandika kwenye tovuti ya fundi yeyote Nairobi, ukabadilisha jina, na hakuna atakayejua. Wa pili hauwezi kuhamishwa. Na tazama maneno ya daftari yalivyoingia yenyewe: friji, juu, chini, haipoi, gesi. Sikuyapachika. Ukijibu swali waziwazi, huwezi kuepuka maneno ya swali.

Wapo watakaokuambia urudie neno lako kuu mara nyingi kwenye kila aya. Usiwasikilize. Google inaihesabu tabia hiyo kuwa hila, na inaweza kukushusha kwayo. Lakini hata ingekuwa haikushushi, jaribu kumsomea mtu kwa sauti aya yenye "fundi wa friji Nairobi" mara saba, umtazame usoni.

Hatua ya 5: Mwili wa ukurasa

Jibu likishakaa juu, sasa eleza. Gawanya kwa vichwa vidogo ambavyo ni maswali yanayofuata kwa kawaida: nitajuaje ni feni au ni barafu? Naweza kukwangua barafu kwa kisu? (Hapana, utatoboa bomba la gesi, na hapo gharama inapanda.) Nikiita fundi atafanya nini? Itagharimu kiasi gani?

Hilo la bei wenye biashara hulikwepa. Fundi wangu naye alikataa, akisema kila friji ina bei yake. Ni kweli. Tukakubaliana tuandike bei ya kuja kuangalia, kisha vitu vinavyopandisha gharama na vinavyoishusha, pamoja na mwezi na mwaka wa bei hiyo. Aliyesoma bei kabla ya kupiga simu hapigi kelele mlangoni.

Weka kile ambacho wewe pekee unacho. Picha ya barafu iliyoziba tundu la hewa, imepigwa kwenye sakafu ya karakana, ina thamani kuliko picha kumi za kukopa zenye jiko jeupe na mama anayetabasamu. Eleza kosa ulilowahi kulikuta, eneo, aina ya friji, ulivyolitatua, bila kutaja jina la mteja wala nyumba yake. Agosti 2022 Google ilitangaza mabadiliko ya kuinua kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya watu na kushusha zilizoandikwa kwa ajili ya injini ya utafutaji. Mwenye karakana ana faida hapo, kwa sababu anachokijua hakikopeki.

Urefu? Mpaka swali liishe. Ukurasa ule una maneno yasiyofika 900.

Hatua ya 6: Kichwa, anwani na maelezo mafupi

Kichwa cha ukurasa ndicho mstari ambao mtu huubonyeza kwenye matokeo. Weka swali au jibu lake mwanzoni, jina la biashara mwishoni. Kikizidi takriban herufi 60 kwa kawaida hukatwa. Chetu, ukiacha jina la karakana mwishoni, ni "Friji inagandisha juu, chini haipoi: sababu na dawa".

Anwani ya ukurasa iwe fupi na isomeke, maneno yatenganishwe kwa kistari cha katikati, kwa mfano friji-chini-haipoi. Ukishaiweka usiibadilishe ovyo. Maelezo mafupi, ile mistari miwili chini ya kichwa, hayakupandishi juu, na Google ikipenda huyabadilisha. Lakini yakiwa mazuri humfanya mtu akuchague wewe badala ya jirani. Na ukikuta kwenye programu ya tovuti yako kisanduku cha kujaza maneno muhimu kwa ajili ya injini za utafutaji, kiache. Google ilisema wazi mwaka 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo.

Hatua ya 7: Fungamanisha kurasa zako

Ukurasa usiounganishwa na mwingine wowote ni kama nyumba isiyo na njia. Roboti huweza isiufikie. Kwenye kurasa zako za zamani weka kiungo kinachoelekea huu mpya, na maneno ya kiungo yaseme kinachopatikana huko. "Bonyeza hapa" haimwambii mtu kitu, wala roboti. "Jinsi ya kubadilisha mpira wa mlango wa friji" inawaambia wote wawili.

Kuhusu maeneo, nina ombi. Watu hutafuta fundi wa Donholm, wa Kasarani, wa Rongai, na kishawishi kinakuja cha kutengeneza kurasa 30 zinazofanana, ukibadilisha jina la mtaa tu. Usifanye hivyo. Ni kinyume cha kanuni za Google, na ni kumdanganya msomaji kwamba uko kwake. Andika ukurasa wa mtaa pale tu una jambo la mtaa huo. Kwa kuonekana kwenye ramani, jisajili kwenye Google Business Profile, ukurasa wa biashara yako ndani ya Google, ni bure. Andika mahali kama unavyomwelekeza mtu kwa simu: steji gani ashuke, jengo gani lipo mbele yake.

Hatua ya 8: Ufunguke kwenye simu ya bei nafuu

Chukua simu isiyo ya gharama, tumia bando la kawaida badala ya Wi-Fi, ufungue ukurasa wako ukiwa ndani ya matatu. Kipimo cha Google ni kwamba sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Mchawi karibu kila mara ni picha. Picha ya simu ikipandishwa ilivyo huweza kuzidi MB 4. Ipunguze upana hadi pikseli 1,200 na uihifadhi kwa WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, itashuka hadi KB mia na kitu. Kila picha ipe maelezo ya maandishi yanayosema kilichomo, kwa ajili ya asiyeona anayesomewa na simu yake, na pia kwa roboti.

Hatua ya 9: Hakikisha mlango uko wazi

Hili lilinigharimu. Tovuti ya pili niliyoiandikia ilijengwa na mtu mwingine, na wakati wa ujenzi alikuwa ameweka alama kwenye kile kisanduku cha WordPress, programu ya kujengea tovuti, kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Hakuitoa. Tulikaa karibu miezi miwili tukipanga upya vichwa na kulaumu maandishi, kumbe tulikuwa tumeiambia Google ipite mbali.

Siku ya kwanza kabisa, angalia kisanduku hicho. Kisha fungua Google Search Console, zana ya Google inayokuonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji, ambayo pia ni bure, uthibitishe kwamba tovuti ni yako, uwasilishe ramani ya tovuti (faili inayoorodhesha kurasa zako), ubandike anwani ya ukurasa mpya juu na uombe ukaguliwe. Itakuambia kama umeingia kwenye faharasa, na kama haujaingia, sababu yake.

Hatua ya 10: Rudi baada ya wiki sita

Kuingia kwenye faharasa huweza kuchukua siku au majuma. Usiguse kitu kwa haraka. Baada ya wiki sita hivi, fungua Search Console sehemu ya utendaji, ubonyeze ukurasa wako. Utaona maneno ambayo watu waliandika mpaka ukatokea, mara ngapi ulitokea, na mara ngapi walikubonyeza.

Ukitokea mara nyingi bila kubonyezwa, tazama kwanza uko nafasi ya ngapi. Kama uko karibu na juu, kichwa hakivutii, kiandike upya. Ukitokea kwa maneno usiyoyategemea, yasome kwa makini. Kwetu yalianza kuonekana maneno kuhusu friji inayolia "tik" kila baada ya dakika chache bila kuwaka. Ukurasa wetu ulikuwa umeitaja sauti hiyo kwa sentensi moja tu. Nilimuuliza fundi, akaniambia mara nyingi ni kile kifaa kidogo cha kuanzishia kompresa, au stima iliyo chini ya kiwango. Sentensi ile ikawa ukurasa, na kwenye ule wa kwanza nikaweka kiungo.

Daftari bado liko karibu na simu. Wiki iliyopita lilikuwa na swali jipya, limeandikwa kwa kalamu ya bluu na kupigiwa mstari: "friji inaweza kuwekwa jikoni karibu na meko ya gesi?" Ndilo ninaloliandikia sasa.